Ushauri: Ujerumani ilijiandaaje na mabadiliko ya utawala Marekani?

Mdadisi:
Habari zenu wakuu. Naandaa mada ya semina kuhusu Ujerumani ilivyojipanga kabla na baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024. Makala nyingi zinamjadili Trump tu, maandalizi yenyewe siyaoni. Nianzie wapi?

Mkwajuni:
Anzia majimboni, mkuu, Washington baadaye. Serikali ya Kansela Olaf Scholz ilikuwa na mratibu wa uhusiano na Marekani, Michael Link, aliyekuwa akizungukia magavana wa Republican, chama cha Trump, mapema kabla ya kura. Waziri wa Mambo ya Nje, Annalena Baerbock, naye Septemba 2023 alipita Texas akaonana na Gavana Greg Abbott. Hoja yao kubwa ilikuwa ajira: BMW iko Spartanburg, South Carolina, Mercedes-Benz iko karibu na Tuscaloosa, Alabama, Volkswagen iko Chattanooga, Tennessee. Gavana wa chama cha rais husikilizwa Ikulu kuliko balozi wa nchi ya kigeni.

Ila taja na mpaka wa mbinu hiyo. Ushuru hauko mikononi mwa magavana, na Aprili 2025 magari ya kutoka nje yalitozwa 25% ya ziada.

Kusi:
Mkwajuni kasema kweli, lakini uzito wa mada uko kwenye fedha za ulinzi, na hapo shika tarehe vizuri. Katiba ya Ujerumani inaibana serikali kuu isikope zaidi ya 0.35% ya pato la taifa kwa mwaka, ukiacha nyakati za dharura na mdororo. Kulegeza kifungu hicho kunataka theluthi mbili Bundestag (bunge) na theluthi mbili Bundesrat (baraza la majimbo).

Uchaguzi wa 23 Februari 2025 ulileta bunge la viti 630. AfD (mrengo mkali wa kulia) walipata 152, Die Linke (mrengo wa kushoto) 64, jumla 216. Theluthi moja ni 210, kwa hiyo vyama hivyo viwili, kila kimoja kwa sababu zake, vingeweza kukwamisha kila kitu. Friedrich Merz, ambaye chama chake kiliongoza katika uchaguzi huo, akaupeleka muswada wa kulegeza kifungu hicho kwenye bunge la zamani, ambalo kisheria lilikuwa hai hadi jipya likutane 25 Machi. Tarehe 18 Machi zikapatikana kura 513, zilihitajika 489. Bundesrat ikapitisha tarehe 21. Tangu hapo matumizi ya ulinzi yanayozidi 1% ya pato la taifa hayahesabiwi kwenye kikomo hicho. Kura za Greens, chama cha mazingira, zilikuwa za lazima, nao walizitoa baada ya kuhakikishiwa euro bilioni 100 za tabianchi ndani ya mfuko wa miundombinu wa bilioni 500. Ukiruka mapatano hayo, msikilizaji hataelewa muswada ulipitaje.

Mdadisi:
Shukrani sana. Na wanajeshi wa Marekani walioko Ujerumani, wana kinga ya kisheria?

Mkwajuni:
Usichanganye mambo mawili. Sheria ya Desemba 2023 inamzuia rais kuitoa Marekani NATO bila theluthi mbili ya Seneti au sheria ya Bunge la Marekani (Congress). Kuitoa nchi NATO ni jambo moja, kupunguza askari ni jingine: Julai 2020 ilitangazwa kwamba karibu 12,000 wataondolewa Ujerumani, na ni Biden aliyesitisha.

Kusi:
Nyongeza: usiandike kwamba Ujerumani sasa inajitegemea. Mwaka 2022 iliagiza ndege 35 za kivita za Marekani aina ya F-35 zichukue nafasi ya ndege zake za zamani za Tornado katika kubeba mabomu ya nyuklia ya Marekani yaliyoko kambi ya Büchel, Ujerumani. Vipuri na programu za ndege hizo vinatoka Marekani.