Mradi wa mwaka wa tatu, Mifumo ya Habari: lazima mfumo mpya?

KauntaBuku: Wakuu, kwa hizi shahada za miaka mitatu hapa Tanzania, sioni sababu kila mwanafunzi ajenge mfumo mpya. Tunaletewa duka la mtandaoni na maktaba, kila mwaka. Achukue shughuli halisi, tuseme utoaji dawa zahanati, aichambue. Asimhoji mganga mfawidhi peke yake. Akae kwenye dirisha la dawa, akusanye fomu zilizojazwa, azilinganishe na leja. Hapo ndipo inapoonekana dawa iliyotoka bila kuandikwa popote.

Jedwali3: Napinga. Mchoro huvumilia kila kitu. Chora mfumo wa ada: mwanafunzi, kozi, malipo, mishale, umemaliza. Sasa ujenge. Kama jina la kozi liko ndani ya kila mstari wa malipo, siku likibadilika utarekebisha mistari mitano, wa sita utausahau, na ripoti itaonyesha kozi mbili. Halafu malipo ya simu: seva yako ikichelewa kujibu, taarifa ileile inaweza kutumwa tena. Namba ya muamala isipowekewa sharti la kutojirudia kwenye hifadhidata yenyewe, mwanafunzi ataandikiwa malipo mara mbili. Programu kuuliza kwanza "ipo?" hakutoshi: taarifa mbili zikifika pamoja, zote zinaweza kujibiwa "haipo".

KauntaBuku: Hilo la sharti nakubali. Ila wangapi wanalifikia? Wengi hupakua mfumo uliokamilika, wakabadili nembo na rangi.

DirishaLaTano: Hao wanakamatika. Siku ya kuwasilisha, mpe nusu saa aongeze punguzo la ada kwa ndugu wa familia moja: safu, fomu, hesabu, ripoti. Aliyepakua hajui hata jedwali la malipo liko wapi.
Zahanati ndiyo inanitia shaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na kufuta majina hakumfichi mgonjwa. Umri, kijiji na ugonjwa adimu vinatosha kumtambua.

KauntaBuku: Basi achukue leja ya stoo: dawa, idadi, tarehe, namba ya bechi. Haina wagonjwa. Na nalegeza kidogo: ajenge majedwali matatu tu, aingize mistari 200 ya leja hiyo na makosa yake yote. "Panadol", "Paracetamol 500" na "PCM" zisomeke dawa moja.

Jedwali3: Hapo tunakaribiana, ila usiziunganishe bila safu ya aina na nguvu ya dawa, la sivyo vidonge na dawa ya maji ya watoto vitajumlishwa kwenye salio moja. Sasa usafishaji huo wa leja upewe alama ngapi, na ripoti ipewe ngapi?