Wakuu, naomba majina yote ya kikosi cha Taifa Stars cha Lagos 1980, kabla ya Jumamosi

Mtoto wa Mzee: Habari za jioni wakuu. Mwenye orodha kamili ya wachezaji wa timu yetu ya taifa waliokwenda AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 1980 naomba aiweke hapa. Matokeo ninayo: Nigeria walitufunga 3-1, Misri 2-1, na Ivory Coast tukatoka nao 1-1. Ninaowatafuta ni wa akiba, wale ambao hawakucheza hata dakika moja. Hii siku ya tatu sipati usingizi.

Kigoda: Umenirudisha mbali, mdogo wangu. Juma Pondamali golini, Jella Mtagwa, Leodegar Tenga, Peter Tino, Thuwein, Juma Mkambi. Lakini safari ya Lagos ilianzia Ndola, Agosti 1979. Dar tulikuwa tumewafunga Zambia 1-0, tukaenda kwao kulinda bao hilo. Mimi nilikuwa darasa la sita. Betri za redio ya mjomba zilikuwa zimechoka, tukazianika juani tangu asubuhi ili zifike dakika 90. Tino aliposawazisha ikawa 1-1, mjomba alinibeba mabegani akazunguka nyumba. Sikumwona tena akifurahi vile mpaka anazikwa.

Mkenya Halisi: Majirani, salamu kutoka Nakuru. Mnakumbuka Cairo 2019? Msuva akatangulia kufunga, tukarudisha, Samatta akafunga tena, na bado mkalala 3-2. 😂

Ndezi: Mkenya tuache. Nilikuwa Uwanja wa Taifa tulipoifunga Uganda 3-0 kufuzu ile 2019, miaka 39 baada ya Lagos. Watu wazima walilia. Ni kweli mechi 13 za fainali hatujashinda hata moja, sare tano. Lakini AFCON ya 2025 kule Morocco tulivuka makundi kwa mara ya kwanza, kwa pointi mbili tu za Uganda na Tunisia, na wenyeji wakatutoa kwa 1-0 kwa jasho. 2027 tunaandaa sisi, nyinyi na Uganda. Tutaonana.

Shangazi Doto: Mwanangu, mtu hakosi usingizi siku tatu kwa sababu ya wachezaji wa akiba. Jumamosi kuna nini?

Mtoto wa Mzee: Shikamoo shangazi. Jumamosi washenga wangu wanapeleka mahari Morogoro. Baba wa binti ni mpenzi mkubwa wa Stars, anawataja wale wa 1980 kama anavyowataja wanawe. Siku ya kwanza nilimwambia marehemu baba alikuwa kwenye msafara wa Lagos. Sasa anataka nimpelekee picha.

Chumvi Nyingi: Sasa si umpelekee?

Mtoto wa Mzee: Picha ipo, ila inatengenezwa.

Chumvi Nyingi: Inatengenezwaje picha ya 1980?

Mtoto wa Mzee: Kuna kijana wa stationery anamuunganisha baba kwenye picha ya kikosi. Nimeshalipa nusu. Kabla hamjanishambulia, elewani kwamba sikutunga mimi. Baba mwenyewe alitusimulia tangu tuko wadogo: joto la Lagos, kelele za uwanjani, alivyokaa benchi akisubiri zamu yake. Nimezeeka nikiamini. Mwaka jana ndipo mama aliniambia hakuwahi kwenda. Nikikiri sasa nitakuwa nimemuumbua marehemu mbele ya wakwe. Picha moja itamdhuru nani?

Ustadhi Mpole: Itakudhuru wewe. Ndoa hujengwa kwa ukweli. Mkwe akija kujua baada ya mtoto wa kwanza, hata ukisema leo ni Jumatatu atatazama kalenda.

Ndezi: Mimi nilidanganya nina shahada. Nina watoto wawili na bado nasomea usiku. Usianze.

Chumvi Nyingi: Wakuu, hii ni chai. Hapo juu aliandika baba alikuwa "kwenye msafara", sasa ni mchezaji wa benchi. Tena mwaka jana mama kamwambia, lakini anasema kwa mkwe aliongea kwa kuamini. Posa ya mwaka gani hiyo? Mleta mada, kama hakuwa Lagos, Machi 1980 baba yako alikuwa wapi?

*(Uzi ulikaa kimya karibu saa mbili.)*

Mtoto wa Mzee: Nilimwambia mkwe huku najua. Hapo umenipata. Baba alikuwa Uganda. Alikuwa askari, alivuka Kagera na wenzake, na vita vilipokwisha kikosi chake kikabaki kule. Mama anasema alirudi 1981. Hakuwahi kutuambia neno hata moja la huko. Tukimuuliza ujana wake alikuwa anatusimulia Lagos.

Chumvi Nyingi: Bado sijasadiki.

Kigoda: Mimi nimesadiki. Kaka yangu mkubwa alirudi kutoka kule. Ukimuuliza habari za vita alikuwa anakueleza bei ya ndizi Masaka, mpaka unachoka unaondoka. Mdogo wangu, mwulize mama kama kuna chochote alichoandika.

Shangazi Doto: Na huyo wa stationery mwambie asimame kwanza.

Mtoto wa Mzee: Nimetoka kuongea na mama. Kuna barua moja, ameihifadhi kwenye kasha la kanga. Kanisomea kwenye simu, ameniruhusu niandike kipande: "Jumamosi tulikaa wengi kwenye redio moja. Nigeria wametufunga tatu, Mkambi kawafunga moja. Tulishangilia mpaka mkuu wetu akatoka kutazama kuna nini. Laiti ningekuwa Lagos." Ni ya Machi 1980. Sikujua.

Chumvi Nyingi: Nimetazama kalenda. Tarehe 8 Machi 1980 ilikuwa Jumamosi. Samahani ndugu yangu.

Shangazi Doto: Hiyo barua ndiyo ya kupeleka Morogoro.

Mtoto wa Mzee: Naogopa, shangazi, lakini nitaipeleka. Kijana wa stationery kasema hela hairudi, na iwe hivyo. Kigoda, nisaidie jambo la mwisho maana mzee lazima ataniuliza: Mkambi alifunga matokeo yakiwa mangapi?

Kigoda: Tulikuwa nyuma 2-0. Alifunga kipindi cha pili, ikawa 2-1. Odegbami wa Nigeria aliongeza la tatu dakika za mwisho. Kwa hiyo pale kwenye redio walikaa muda mrefu wakiamini tutasawazisha.