Mafundi wa laptopu Dodoma, si kila mashine inayozima ni betri!

Zabibu_Kavu

Wakuu, salaam. Huu ubabaishaji umezidi na lazima usemwe. Mteja anapeleka laptopu kwa fundi, anaeleza: "Nikiifunga usiku ina asilimia 80, asubuhi naikuta imezima." Fundi haiwashi wala haulizi swali la pili. Anaipindua, anasoma namba ya betri mgongoni, anatoa jibu lile lile la siku zote: "Betri imekufa hii, tafuta hela." Hela inatoka, betri inabadilishwa, kesho yake asubuhi mashine imezima vile vile. Mteja akirudi anaambiwa labda ni mazabodi. Mazabodi! Bado hujasoma hata ripoti moja, ushafika kwenye mazabodi?

Betri kuchoka na mashine kukataa kulala ni maradhi mawili tofauti, na kuyatofautisha ni kazi ya dakika tano isiyohitaji bisibisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Terminal yenye neno Admin (kwenye Windows 10 utakuta PowerShell, ni sawa tu), kisha andika:

`powercfg /batteryreport /output C:\betri.html`

Fungua hilo faili kwa brauza. Juu kuna mistari miwili yenye maana. DESIGN CAPACITY ni uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo iliobaki nao leo ikijaa. Chukua hizi HP EliteBook 840 G3 zilizojaa mjini. Betri yake ni CS03XL, imeandikwa 46.5Wh (wati-saa), kwa hiyo mstari wa kwanza utasoma karibu na 46,500 mWh. Wa pili ukisoma 37,000, betri ina asilimia 80 hivi ya nguvu zake. Kwa kazi za kawaida za kuandika na kuperuzi, mashine kama hiyo inakula wati 8 hadi 12, maana yake bado unapata saa tatu mpaka nne na nusu. Betri hiyo unaitupa kwa kosa gani? Ikisoma 18,000 njoo tuongee habari ya betri mpya, nitakubali.

Shuka chini kwenye RECENT USAGE, sehemu ambayo sijui kwa nini mafundi wetu wanaikimbia. Inaonyesha kila mara mashine ilipoamka na kulala, na chaji iliyokuwepo. Tuseme mstari mmoja unasema 22:40, Connected standby, 31,000 mWh, na unaofuata unasema 06:10, Active, 11,500 mWh. Zimeondoka 19,500 kwa saa saba na nusu, yaani wastani wa wati 2.6 muda wote huku kifuniko kimefungwa. Laptopu iliyolala kweli inakula chini ya wati moja. Hii haikulala, imefumba macho tu. Ukiiwekea betri mpya, utakuwa umeinunulia chakula zaidi cha kula usiku.

Sababu utaiona kwa amri ya pili: `powercfg /a`. Soma orodha ya juu, ya usingizi unaopatikana (available). Ikitaja Standby (S3), mashine yako inalala ule usingizi wa zamani: prosesa imezimwa, RAM (kumbukumbu ya muda) peke yake ndiyo inalishwa umeme. Ikitaja Standby (S0 Low Power Idle), huo ndio usingizi wa kisasa, ambao mashine inabaki nusu macho kama simu, inaweza kushika waifai, kuvuta barua pepe na hata masasisho. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zimeondolewa S3 kabisa na watengenezaji. Ndiyo maana mtu anafunga kifuniko, anaitia begini, anapanda SGR hapa Dodoma, akishuka Dar begi ni la moto na chaji hakuna. Begini hakuna hewa, feni inahangaika, na joto hilo ndilo linaloua betri kweli. Kwa hiyo kosa la usingizi lisipotibiwa linazaa kosa la betri, halafu fundi anaonekana alikuwa sahihi tangu mwanzo!

Dawa ni kuifanya mashine ihaibaneti kifuniko kikifungwa, yaani iandike kila kilichomo kwenye RAM kwenda kwenye diski, kisha izime moja kwa moja:

`powercfg /h on`
`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_buttons lidaction 2`
`powercfg /setactive scheme_current`

Hiyo 2 ndiyo haibaneti (1 ni kulala, 3 ni kuzima kabisa), na `dc` maana yake inapokuwa kwenye betri. Ikiwa kwenye umeme tabia yake haibadiliki. Gharama yake ni kwamba itachelewa kuamka kwa sekunde kadhaa, na faili la hiberfil.sys litachukua nafasi kama asilimia 40 ya RAM. RAM ya GB 8 inakula GB 3 na kidogo za diski. Mwenye diski ya zamani ya kuzunguka atasubiri zaidi, avumilie.

Kama una S3 na bado inaamka yenyewe usiku, andika `powercfg /lastwake` ujue nani kaiamsha, na `powercfg /devicequery wake_armed` upate orodha ya wote wenye ruhusa hiyo. Mara nyingi ni kipanya kisicho na waya au kadi ya mtandao. Mnyang'anye ruhusa kwa `powercfg /devicedisablewake` ukifuatisha jina lake ndani ya alama za nukuu, kama lilivyoandikwa kwenye orodha, herufi kwa herufi.

Kipimo cha mwisho, kwa wabishi: zima mashine kabisa kwa `shutdown /s /t 0`, maana kuzima kwa kawaida kwenye Windows za siku hizi si kuzima kamili. Andika asilimia kwenye karatasi, iache mpaka asubuhi. Ikibaki palepale, betri haina kesi. Ikishuka sana hata imezimwa, angalia kwanza Bayosi (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) kama tundu la USB limeruhusiwa kuchaji simu mashine ikiwa imezimwa, kisha ndipo uanze kushuku betri au bodi.

Mafundi, lipi gumu hapo?

Bisibisi_Majengo

Mkuu, umesema kweli nusu. Mafundi wapo wanaopiga watu, sikatai. Lakini wateja nao wanataka betri ya bei ya karanga, halafu wanalalamika. Ngoja niseme upande wa magumashi, maana hujaugusa.

Zile betri za nje za mashine za zamani, zenye seli sita za duara, ukikuta zimeandikwa 6600mAh, piga hesabu kabla hujatoa hela. Seli sita zinapangwa tatu kwa mfululizo, safu mbili. Seli ya kawaida ya 2200mAh inakupa 4400mAh, basi. Ili ufike 6600 kwa seli sita, kila moja iwe 3300, na hizo hakuna anayezitia kwenye betri ya bei chee. Njia nyingine ni mzani. Seli moja ya 18650, ndiyo hiyo ya duara, ina uzito wa gramu 45 hivi, sita ni gramu 270 kabla ya plastiki. Betri nzima ikisoma gramu 200, ndani kuna seli hewa au seli pungufu.

Ripoti uliyoisifia nayo inachakachuliwa. Kibao cha ndani ya betri ndicho kinachotoa zile namba, na kwenye feki kinaweza kutaja chochote. Betri ikitumika miezi kadhaa na FULL CHARGE bado iko sawasawa na DESIGN, mizunguko ya chaji (CYCLE COUNT) inasoma sifuri, halafu mashine inazima ghafla ikiwa na asilimia 30, hiyo namba ni ya uongo. Jaza chaji, chomoa, cheza video mfululizo huku saa ikihesabu. Hapo uongo hauna pa kujificha.

Na kabla ya kuilaumu betri, kagua chaja. Dell zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja, kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Pini ikipinda au uzi wake ukikatika, mashine inawaka vizuri tu lakini haichaji, inakuwa nzito, na ikiwashwa inatoa onyo kwamba aina ya chaja haijulikani. Betri nzima ngapi zimetolewa hapa mjini kwa kosa la pini! Upande wa HP, soma mgongo wa chaja: 19.5V 2.31A ni wati 45, 19.5V 3.33A ni wati 65. Mashine inayotaka 65 ukiipa 45 itachaji kwa kusuasua, ukiifanyia kazi nzito haipandi kabisa.

Zabibu_Kavu

Hapo kwenye feki nakuunga mkono, fundi. Ongeza na hili: chaji ikigota kwenye 80, au kwenye 60 kwa baadhi ya Lenovo, huo si ugonjwa. Ni kikomo kimewekwa makusudi, ndani ya programu ya Lenovo Vantage au Bayosi ya Dell. Betri ya lithiamu inazeeka haraka ikikaa imejaa pomoni kwenye joto, na ofisi nyingi hapa mwezi wa kumi na moja zinachemka. Laptopu inayoshinda kwenye umeme iachie 80. Ukijua umeme utakatika, pandisha 100 siku hiyo. Kuna mafundi wanakiona kikomo hicho na bado wanauza betri. Huo ni wizi, tuuite kwa jina lake.

Dada_wa_Linux

Kaka zangu mmewasahau wa Ubuntu. Andikeni `cat /sys/power/mem_sleep`. Jibu likiwa `[s2idle] deep`, mabano yanaonyesha usingizi mwepesi ndio unaotumika, ila mzito upo. Ujaribu kwa `echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep`, funga kifuniko, amsha mara mbili tatu. Ikiamka salama, ongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya `/etc/default/grub`, kisha `sudo update-grub`. Neno `deep` lisipoonekana kabisa, Bayosi haina. Baadhi ya ThinkPad wanaliweka kwenye Config, Power, Sleep State, unachagua Linux. Afya ya betri someni kwa `upower -d`, linganisheni energy-full na energy-full-design.

Halafu ile rejista ya PlatformAoAcOverride (mpangilio wa kuzima S0 ili S3 irudi) mnayowawekea wateja wa Windows, iacheni kama hamfuatilii. Kwenye mashine isiyo na S3 inaondoa S0 bila kuleta mbadala, mtu anabaki hana usingizi wowote. Ukiiweka, washa upya na usome `powercfg /a` kabla mteja hajaondoka.

Kijana_wa_Nkuhungu

Wakuu, yangu tachipadi imeinuka na kifuniko hakikai sawa. Fundi kasema ataitoboa betri kidogo gesi itoke, kisha "aifufue" kwa kuichaji moja kwa moja. Nimwachie?

Bisibisi_Majengo

Usimwachie! Dogo, hiyo ni betri imevimba. Iondoe mashine kwenye umeme sasa hivi na usiichaji tena. Hiyo gesi ni ya kemikali zilizooza ndani, inawaka, na ukitoboa unagusanisha tabaka za ndani, moto unatoka hapo hapo. Wala hakuna kufufua. Seli iliyovimba haisinyai tena, na iliyoshuka chini sana ya volti 2.5 ukiilazimisha chaji inaweza kujipiga shoti ndani. Zima mashine kabisa, fungua mfuniko wa chini, chomoa konekta ya betri kwanza kabla ya kugusa kingine. Kama imegundishwa usiibandue kwa bisibisi ya chuma, tumia kadi ya plastiki taratibu, bila kuikunja. Ikikataa, acha, mpelekee fundi mwenye akili bila kuichaji tena. Ikitoka, funika ncha za konekta kwa utepe wa umeme, ilaze kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje, mbali na nyumba. Usiitupe jalalani, pale taka zinachomwa. Mashine nyingi zinawaka kwa chaja bila betri, yako ikiwaka endelea na kazi zako huku ukitafuta nyingine, na hiyo mpya ipime kwenye mzani.