Msaada: sheria za poka ya karata tatu kasino

Mgeni_wa_Meza: Wakuu, naombeni darasa. Texas Hold'em naijua, ila kasino ninakotaka kwenda meza inayojaa ni ya karata tatu, mnacheza na kasino yenyewe. Kila kiti kina visanduku vitatu: Ante, Play na Pair Plus. Pesa inawekwa wapi, lini? Na ni mkono gani wa kuendelea nao, upi wa kutupa?

Kopa_Tisa: Kwanza sahau mambo ya kumtisha mtu kwa dau. Kila mchezaji anapambana na mgawaji tu, karata za jirani hazikuhusu.

Unaweka Ante kabla karata hazijagawiwa. Unapewa tatu, mgawaji naye tatu zilizofunikwa. Ukishatazama zako, ama unatupa na Ante inaliwa, ama unaendelea kwa kuweka Play iliyo sawa kabisa na Ante. Si nusu, si mara mbili. Ukiweka Ante 10,000, uwe na 10,000 nyingine pembeni.

Mgawaji akifunua, mkono wake unahesabika kuanzia Q ya juu. Asipofikisha, Ante yako inalipwa kwa kiasi kilekile ulichoweka na Play inarudi bila faida. Hapa ndipo wageni hugomba: ana pea ya A, mgawaji ana J, anadai Play ilipwe. Hailipwi. Mgawaji akifikisha ukamshinda, zote mbili zinalipwa kwa kiasi kilekile ulichoweka. Akikushinda zimekwenda, mkilingana zinarudi.

Bibi_Shupaza: Mtu wa Texas atajikwaa kwenye ngazi za mikono. Kutoka juu: mfululizo wa aina moja, tatu sawa, mfululizo (karata zinazofuatana), aina moja (mfano kopa tupu), pea, karata ya juu. Ndiyo, mfululizo unaipiga aina moja, na tatu sawa zinaupiga mfululizo. Kati ya mikono 22,100 inayowezekana, tatu sawa ni 52, mfululizo 720, aina moja 1,096. A-2-3 ni mfululizo, K-A-2 si kitu.

Pia kuna bonasi ya Ante ukiendelea na mkono mkubwa. Malipo yaliyozoeleka ni mfululizo mara 1 ya Ante, tatu sawa mara 4, mfululizo wa aina moja mara 5. Unalipwa hata kama mgawaji kakushinda.

HesabuBaridi: Mpaka wa kuendelea ni Q-6-4. Ukiwa na pea, A au K, endelea bila kuwaza. Ukiwa na Q, tazama karata ya pili: 7 au zaidi, endelea hata ya tatu ikiwa 2. Ikiwa 6, ya tatu lazima iwe 4 au 5. Chini ya hapo tupa. Sababu ni kwamba kutupa kunagharimu Ante moja, na mikono iliyo chini ya Q-6-4 kwa wastani hupoteza zaidi ya hiyo ukiing'ang'ania.

Ukifuata hivyo, faida ya kasino ni kama asilimia 3.37 ya Ante. Kwa Ante ya 10,000, mikono 40, tegemea kupoteza wastani wa 13,500 hivi. Anayeendelea na kila mkono bila kutazama anaipa kasino zaidi ya asilimia 7.

Pau_Kavu: Pair Plus achana nayo kabisa, ndiyo inayomaliza watu.

HesabuBaridi: Inategemea meza, mkuu. Hilo dau halimhusu mgawaji, linalipa ukipata pea au zaidi, na takriban mara tatu kati ya nne hupati. Soma malipo yaliyochapishwa mezani, mstari wa aina moja. Palipo 1-4-6-30-40 (mara ngapi ya dau kwa pea, aina moja, mfululizo, tatu sawa na mfululizo wa aina moja), faida ya kasino ni asilimia 2.32, nafuu kuliko hata Ante. Palipo 1-3-6-30-40 inaruka hadi 7.28. Tofauti yote ni ile 4 iliyogeuzwa 3. Ila ukiweka zote tatu, kila mkono unahitaji 30,000, si 20,000.

Mgeni_wa_Meza: Asanteni sana. Kwa hiyo Q-5-4 natupa?

Kopa_Tisa: Unatupa, isipokuwa zote tatu ziwe aina moja. Na ukishaweka Play, laza karata kifudifudi usiziguse tena. Hata ukishinda, subiri mgawaji azifunue mwenyewe.