Moshi: Nimempeleka mama masaji kwa mara ya kwanza, wamenifanya mwongo mbele yake

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, nikifoka mtanisamehe.

Mama yangu ana miaka 63, anakaa Kibosho, na hajawahi kuchuliwa na mtu wa kulipwa. Alipokuwa akitoka kujifungua, bibi alimkanda kwa maji ya moto, basi. Mabega yamemkaza kwa kubeba majani ya ng'ombe miaka yote, nikasema ngoja nimpe raha. Nikapanga masaji ya saa nzima, Sh 60,000, sehemu moja hapa mjini ambayo sitaitaja jina. Jumamosi asubuhi kashuka na daladala, kavaa gauni la kanisani na kitenge kipya juu, mkononi kaniletea chane mbili za mshare.

Mimi nilishachuliwa mara moja, Arusha, kazini walitulipia, na hapo ndipo nilipoponzeka, maana nilimsimulia mama kwa kujiamini kabisa. Nikamwambia: ukifika watakupa karatasi ujaze, au watakuuliza kwa mdomo. Una presha? Unatumia dawa gani? Umewahi kupasuliwa? Kuna mafuta yanayokutoa vipele? Wapi panauma, unataka mkono mzito au mwepesi, akuchue mwanamke au mwanamume? Halafu mchuaji anatoka nje, wewe unavua unachotaka kuvua, chupi unabaki nayo, unajilaza chini ya shuka. Akirudi anapiga hodi. Anafunua mgongo peke yake, akimaliza anaufunika ndipo ahamie mguuni. Ikiuma unasema, anapunguza. Ukichoka unamwambia basi, anaacha.

Mama aliniuliza mara tatu: "Shuka litakuwepo?" Litakuwepo mama, ndiyo utaratibu.

Shuka halikuwepo.

Mapokezi kuna binti yuko na simu yake. Akapokea hela, akahesabu, "mama aingie chumba cha pili." Karatasi hakuna, swali hakuna. Nikamwambia huyu mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mnaandika wapi? "Kwani anaumwa dada? Si amekuja kurilaksi." Nikauliza basi kama anaweza kuchuliwa na nguo zake, kwa sababu ubaoni wameandika wanafanya masaji ya Thai. Eti hapana, zote ni za mafuta, kitandani. Jamani, ya Thai si ndiyo ile mtu anabaki na nguo, analazwa kwenye godoro chini, anabonyezwa na kunyooshwa bila tone la mafuta? UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2019. Hawa wameiingiza ubaoni, imeishia hapo.

Nikakaa benchi. Ya ndani nimeyapata kwa mama, tena kwa kunimegea kidogo kidogo, maana aibu.

Anaingia kijana, umri wa mjukuu wake mkubwa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Vua nguo zote ulale kifudifudi." Kisha akabaki palepale anamimina mafuta kwenye kibakuli. Mama anasubiri atoke, hatoki. Akauliza shuka, akaonyeshwa kitaulo cha kufutia mikono. Basi mama akafungua kitenge chake, kitenge cha Pasaka ambacho hakijafuliwa hata mara moja, akajifunga kuanzia kifuani, gauni akalivulia kwa ndani kama wanawake wanavyooga mtoni. Akalala nacho. Kijana anakivuta, mama anakirudisha. Anakivuta, anakirudisha. Hiyo ndiyo raha niliyolipia.

Katikati simu ya kijana ikaita, akapokea. Mkono mmoja mgongoni kwa mama yangu, mwingine umeshika simu, anajadili mkeka wa kubeti uliochanika.

Sasa njooni kwenye lililonifanya nishindwe kulala. Mwaka jana mama alivunjika mguu wa kushoto, akafungwa hogo, baadaye damu ikaganda kwenye mshipa wa kigimbi. Ndiyo zile dawa. Kijana alipofika pale mama akamwambia, "Mwanangu, mguu huu uliwahi kuganda damu." Akajibiwa, "Tulia mama, ndiyo tunaiyeyusha, na sumu zote zitoke." Akakazia kidole gumba.

Mnajua bonge la damu likichomoka pale linaelekea wapi? Linapanda na damu mpaka kwenye moyo, moyo unalisukuma kwenye mapafu, linaziba. Mtu anakufa. Ndiyo sababu mguu wenye bonge haukandwi, na ndiyo sababu mchuaji aliyesomea kazi anauliza kabla hajafungua chupa ya mafuta. Hata kama bonge limeisha, mtu wa dawa hizo hagandamizwi kwa nguvu, anavilia damu. Na sumu wanazoziimba hawa, kazi hiyo inafanywa na ini na figo, wala hazijaomba msaidizi.

Saa nzima yenyewe ilikuwa dakika 40.

Jioni mabega yakatoka mabaka ya zambarau. Kuuma siku moja mbili baada ya kuchuliwa najua ni kawaida, ila mabaka yale hapana. Nikamkimbiza hospitali, wakampiga ultrasaundi ya mguu, mshipa uko salama, namshukuru Mungu. Daktari akaniuliza nani alimruhusu. Nikakosa jibu. Hilo ni kosa langu, nilitakiwa kupiga simu kliniki kabla ya kulipa. Na yule binti aliposema "amekuja kurilaksi" nilitakiwa kumshika mama mkono tuondoke. Sikuondoka kwa sababu hela ilishaingia kwenye droo. Nisemeni mnavyotaka.

Jana nikarudi kwa msimamizi. Ananiambia wateja wao wengi ni wazungu wanaoshuka mlimani, hawajawahi kulalamika. Kaka, kijana anayeumwa mapaja kwa kushuka kutoka mita 5,895 unamlinganisha na mama yangu? Tena na huyo mzungu aulizwe, maana mtu aliyekaa kwenye ndege kwa muda wa saa kumi miguu imekunjwa naye damu inaweza kumganda. Akanyamaza, akafungua droo, nikadhani ananirudishia hela. Katoa kikadi: punguzo la asilimia 20 mama akija tena.

Akija tena!

Nimemwambia nataka Sh 60,000 yangu yote. Kasema nimpe mpaka Ijumaa aongee na bosi.

Mama hajanigombeza. Kalala kwangu siku mbili, kanipikia, kaondoka. Ila alipokuwa anapanda gari la Kibosho aliniuliza polepole, watu wasisikie: "Na lile shuka ulilosema, wewe uliliona kweli?"

Anayejua sehemu Moshi au Arusha ambako wanauliza kwanza ndipo wanashika, aweke hapa chini. Na anayejua namna ya kutoa mafuta ya masaji kwenye kitenge naye aseme, nimekiloweka tangu Jumamosi na doa liko palepale.