Mjadala: Nyumba za mawe Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu: chokaa pekee au saruji nayo iruhusiwe?

Mwanzisha mada: Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wanakuja kutazama nyumba hizi hizi zinazogeuzwa gesti. Wapo wanaotaka saruji ikatazwe kabisa, hata pale ambapo mgeni haoni. Wengine wasema mwenye nyumba aachiwe mali yake. Leteni hoja za kazi.

Fundi mwashi: Saruji isiguse ukuta wa matumbawe. Jiwe lile lina matundu, linanyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Lipu ya chokaa huyaacha maji yatoke yakauke. Saruji huyafungia ndani. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inaisukuma, na mwishowe kipande kinaanguka kikiwa kimebandua na uso wa jiwe. Gongeni kuta zilizopigwa saruji, chini ya kimo cha kiuno, msikie zinavyolia utupu.

Kazi yenyewe haina siri. Chokaa iliyochomwa izimwe kwa maji, ilale humo majuma kadhaa. Kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga, na mchanga wa ufuoni usitumike kabla ya kuoshwa kwa maji matamu. Ukuta uloweshwe kwanza. Tabaka lisizidi sentimita 1 hivi, na la pili lisubiri la kwanza likaze. Kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu upepo na jua vikilikausha upesi litajaa nyufa.

Mwenye gesti: Sawa fundi, nani atalipa hayo majuma? Saruji nanunua leo, Ijumaa chumba kina mgeni. Halafu tanuri la chokaa linakula kuni za mikoko. Marufuku ya kukata miti ya 2018 iliigusa mikoko pia, na waliokuwa wakiishi kwa biashara ya boriti waliumia. Mwataka kuokoa ukuta kwa kumaliza msitu?

Muongoza wageni: Mimi lipu hainisumbui sana. Linalonisumbua ni zege. Msana, yaani chumba kirefu chembamba cha nyumba hizi, una upana wa kiasi cha mita 2.5 hadi 3 kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi ya hapo. Akija mtu na nondo, anavunja ukuta wa kati apate chumba kipana, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinaenda na ukuta. Mgeni anabaki kuonyeshwa daka, ukumbi wa mlangoni, na mlango wa nakshi, ndani ni hoteli kama ya mji wowote.

Fundi mwashi: La kuni ni kweli, silipingi. Lakini chokaa ya mfuko ipo madukani, na kwa lipu ya ndani inafaa. Ila tunabishania lipu huku nyumba zinauawa na maji ya juu. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, nalo huwekwa katikati ya dari kwa kuwa ndipo penye nafasi. Bafu la ghorofani likivuja, ncha za boriti zinaoza mle ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana, mpaka dari ianze kupinda.

Mwenye gesti: Mgeni hashuki ngazi usiku kutafuta choo. Bafu siliondoi. Niambie niliweke wapi.

Fundi mwashi: Lipange upande wa choo cha zamani, juu ya kuta nene, si juu ya msana. Bomba lipite nje ya ukuta. Baya kwa macho, lakini likivuja utaliona siku hiyo hiyo. Tanki kubwa likae chini uani, upandishe maji kwa pampu, na juu uweke dogo la lita 200 au 250 lililokaa juu ya ukuta wenyewe. Saruji kama lazima uitumie, iishie kwenye sakafu ya bafu, isipande ukutani.

Muongoza wageni: Basi anayeomba kibali cha ujenzi aonyeshe kwanza mchoro wa maji: tanki, bomba na bafu. Rangi na lipu zijadiliwe baadaye.

Mwenye gesti: Mchoro nitaleta. Gharama ya pampu bado hamjaijibu.