Tupeane uzoefu: umewahi kuishi na Wafiji ughaibuni?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Niko Auckland mwaka wa nne, jirani zangu Wafiji. Wiki ya kwanza waligonga mlango saa nne usiku, nikajua kuna msiba. Kumbe naitwa mkekani. Katikati kuna bakuli la mti lenye miguu, ndani maji rangi ya matope. Nikapewa kifuu: piga kofi moja, sema "bula", kunywa yote kwa mkupuo, wenzako wanapiga makofi matatu. Ulimi ukafa ganzi kama nimetoka kung'oa jino! Ni kinywaji cha mizizi iliyosagwa: wanaandika yaqona, wanatamka yangona. Wengi huku huiita kava. Sisi tukikutana ni nyama choma na spika mpaka polisi waje. Hawa gitaa moja, taratibu, hadi alfajiri. Nani mwingine kaishi nao? Leteni visa.

Koplo Mstaafu: Mimi nilikuwa jeshi la Uingereza, kambi ya Aldershot. Wafiji wamejaa humo; kundi la kwanza kubwa, vijana mia mbili na ushee, lilichukuliwa 1961, miaka tisa kabla nchi yao haijapata uhuru. Siku ya kwanza jamaa kaniuliza kwetu wapi. Nikasema Nandi. Akanikumbatia! Ikachukua muda kugundua kwao kuna mji unaandikwa Nadi, penye uwanja mkubwa wa ndege, na d yao inasomwa nd. Tangu hapo tukaitana "wa nyumbani".

Aprili 2016 Kenya ikawachapa 30-7 fainali ya raga ya Singapore, jamaa akanuna siku mbili. Agosti wakaipiga Uingereza 43-7 kule Rio, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yao, na sisi tumo ndani ya kambi ya Waingereza. Hawakupiga kelele. Waliimba tenzi za kanisani kwa sauti nne, sajenti mwenyewe akasimama kusikiliza.

Kilichoniuma ni alipoacha jeshi. Kibali cha kuishi kilikuwa zaidi ya pauni 2,000 kwa kila kichwa, na yeye ana mke na watoto watatu. Mwaka 2022 askari wa Jumuiya ya Madola waliotumikia miaka 6 wakaondolewa ada hiyo, ila familia zao zikabaki kulipa. Yeye alishakopa zamani, akalipa yote.

Mama Mkubwa wa Sacramento: Huku California Wafiji wengi wanalea wazee, kazi ya kulala humohumo. Mwenzangu wa zamu ni mama wa Kifiji, tunaitana dada. Siku moja alinipikia majani ya magimbi kwa tui. Jamani, mimi mtu wa Tanga, nilikumbuka kisamvu cha mama nikashindwa kuongea.

Ila ana mzigo. Wana desturi inaitwa kerekere: ndugu akikuomba, huna mdomo wa kukataa. Paa la kanisa kijijini, ada ya mpwa, jeneza la mtu asiyemjua vizuri. Nikamshauri azime simu wikiendi. Akanitazama kama nimetukana. Wiki ileile na mimi nikatuma mchango wa harusi ya mtoto wa binamu ambaye sijawahi kumwona, kwa hiyo nikanyamaza.

Mzaliwa wa Kampala: Mleta mada, Wafiji si mkeka mmoja. Mimi Mhindi, tulifukuzwa Uganda 1972 nikiwa na miaka tisa, sasa niko Surrey, Kanada. Msinicheke Kiswahili, nilikipata kwa mama, mtu wa Mombasa. Mtaa wetu una Wahindi wa Fiji, wengi waliondoka baada ya 1987, mwaka ambao jeshi lilipindua serikali mara mbili, Mei na Septemba. Babu zao ni miongoni mwa watu kama 60,000 waliopelekwa kulima miwa kati ya 1879 na 1916, kwa mkataba walioutamka "girmit", yaani "agreement" ya Mwingereza ilivyosikika masikioni mwao. Yule jirani na mimi tukikaa barazani tunahesabu: kwake miwa, kwetu duka. Na kwao hata jina "Mfiji" lilikuwa la wenyeji tu mpaka 2010.

Yangona wanakunywa vilevile, tena wanatafunia chevda.

Mleta mada: Chevda na kava! Ahsante mzee, hilo la 2010 sikulijua, na mwenyeji wangu wa mkekani hakuwahi kulitaja. Ijumaa nitamuuliza. Swali dogo: naenda Sydney, wamenipa unga wa kava niwapelekee ndugu zao. Nitakamatwa?

Koplo Mstaafu: Mtu mzima anaruhusiwa kilo 4 tangu Desemba 2019, zamani zilikuwa 2. Itangaze mpakani. Wamekupa ngapi?

Mleta mada: Saba.

Mama Mkubwa wa Sacramento: Hiyo ndiyo kerekere, mwanangu. Karibu.